Bi Mwanatumu na Mlango wa Lau

Tuelewane mapema: Bi Mwanatumu hakuwa na ugomvi na Kiingereza. Ugomvi wake ulikuwa na moshi. Tangu ujana wake alikuwa mpishi katika shule moja ya bweni ya wasichana, nje kidogo ya Msambweni, na moshi wa jiko lile ulikuwa umemwingia machoni, kifuani na katika kila leso aliyokuwa nayo. Hata akienda harusini na nguo mpya, amejifukiza udi mpaka kwenye nywele, waliokaa karibu naye walikuwa wakiulizana nani ameunguza maharage. Alilala akikohoa na akaamka akikohoa. Daktari alimwambia aachane na moshi. "Nitaachana nao, daktari," akamjibu, "ukinioa." Maana hawa madaktari ni wepesi wa kukwambia acha hiki na acha kile, lakini utakula nini hilo hawakwambii.

Basi mwaka huo matroni wa bweni akaacha kazi, akamfuata mumewe Lunga Lunga. Matroni ana chumba chake. Kina kitanda, kina kabati, na kina dirisha linalotazama mpera, wala hakuna kuni hata moja. Kazi yenyewe ni kuwaamsha wasichana, kujua nani anaumwa na nani anajitia kuumwa, na kuwatuliza wanaolilia kwao. Kazi hiyo Mwanatumu alikuwa akiifanya siku zote bila ya kulipwa, kwani msichana akishikwa na tumbo alikuwa akikimbilia jikoni kabla hajakumbuka kwamba kuna matroni. Kila mtu akasema, chumba hicho ni cha Bi Mwanatumu, na yeye mwenyewe akaanza kukitazama kitanda kile kama mtu anavyoitazama sahani inayoletwa upande wake.

Kumbe! Mwalimu mkuu mpya, Bwana Thoya, akabandika tangazo. Anayeomba kazi ya matroni sharti aweze kuzungumza Kiingereza, ili wasichana wakisikie kuanzia wanapoamka hadi wanapolala. Bwana Thoya huyu mwenyewe alipokanyaga msumari pale uani kwa jikoni, alimwita mamake kwa Kigiriama safi, lakini hilo halikubandikwa ukutani.

Juu ya Bwana Thoya palikuwa na mwenyekiti wa bodi ya shule, na mwenyekiti huyo ni Swabir, mdogo wake Mwanatumu wa tumbo moja. Hapo msomaji atasema, ah, basi kazi imepatikana. Subiri kwanza.

Mama yao alifariki Mwanatumu akiwa darasa la tano, na Swabir la pili. Baba yao alikuwa mkata miwa Ramisi, aliondoka nyumbani alfajiri na kurudi jioni amejaa masizi ya miwa iliyochomwa. Lazima mtu abaki nyumbani apike. Nani abaki, hilo halikuulizwa, kama vile haliulizwi jua litachomoza upande gani. Mwanatumu akavua sare, akashika mwiko. Swabir akala uji wa dadake akaenda shule, akala sima ya dadake akapasi, mpaka akafika chuo kikuu, akawa afisa wa elimu, na sasa amestaafu na gari na kitambi. Wala hili halikuwa siri, mji mzima uliona. Ndivyo nyumba nyingi zilivyokuwa, na jambo likiwa la wengi, watu huliita desturi na kuendelea na safari zao.

Sasa kila siku ya kutoa zawadi pale shuleni, Swabir alikuwa akisimama jukwaani, anapangusa miwani, anasema: "Wanangu! Lau si elimu, leo hii mimi ningelikuwa nakata miwa Ramisi!" Makofi. "Lau nisingelisoma, nani angelinijua?" Makofi tena. Mwanatumu alikuwa akiyasikia haya kutoka dirisha la jikoni, huku anapindua pilau ya wageni. Alikuwa akikohoa tu, na watu walijua ni moshi.

Alipomwambia ndugu yake kwamba anataka kuomba kazi ya matroni, Swabir alikuja kwake na adabu zake zote. "Shikamoo, dada."

"Marahaba, Swabir. Hujambo?"

"Sijambo, alhamdulillahi. Dada, jambo hili liache. Mahojiano ni ya Kiingereza, na mimi nitakuwa nimekaa pale mbele. Kiingereza utakitoa wapi? Utajiaibisha, na mimi utaniaibisha."

Hapo ndipo Swabir alipoharibu mambo. Mwanatumu alikuwa na wasiwasi wake, na lau angeachwa angeghairi peke yake. Lakini kuambiwa atamwaibisha mtu ambaye yeye ndiye aliyekuwa akimfuta makamasi kwa leso yake mwenyewe, lo! Siku ile ile akampigia simu Hafsa.

Hafsa ni binti ya Swabir, mwalimu wa Kiingereza katika shule ya msingi huko Bongwe, msichana mpole lakini hakati tamaa. Akawa anakuja kila Jumamosi, wanakaa barazani na kitabu cha picha za shule na nyumba. Paa, dirisha, kabati, ubao, dawati, kengele. Maneno hayo Mwanatumu aliyameza upesi, kwani nyumba na shule ndivyo vitu viwili alivyovitazama maisha yake yote, kimoja kutoka ndani na kingine kutoka dirishani. Hafsa akafurahi. Akasema, "Sasa shangazi tuingie kwenye ifu. Mahojiano yote ni ifu. Ikiwa hivi, utafanya vipi."

"Haya, lete hizo ifu."

"Kengele ikilia, wanafunzi wataingia darasani. Sema kwa Kiingereza."

Mwanatumu akasema sawasawa, halafu akaongeza, "Inshallah."

"Shangazi, kengele haihitaji inshallah."

"Kengele gani hiyo isiyohitaji? Mpigaji akifa je?"

Hafsa akaona bora aipishe kengele. Akageuza ukurasa. "Nyumba yako ikishika moto, utafanya nini?"

Mwanatumu akaweka kikombe chini. "Audhubillahi! Hafsa, mwanangu, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, shangazi. Ni swali la kitabuni."

"Nyumba yangu ya makuti, jua hili linavyowaka, jirani anachoma takataka huko nyuma, na wewe unanikalia barazani kwangu unanichuria moto?"

"Basi tuache moto. Mvua ikinyesha na paa likavuja, utafanya nini?"

"Paa langu halivuji."

"Likivuja."

"La Shutu hapo jirani pia lilikuwa halivuji, mpaka alipotokea mtu akamuuliza."

Akainuka, akatia makaa kwenye chetezo, akarusha ubani, akaizunguka nyumba pembe zote nne. Aliporudi barazani akakifukiza na kitabu, ukurasa kwa ukurasa, kwa kuwa uchuro wenyewe ulikuwa umetoka humo. Kitabu cha serikali kikanukia kama bi harusi. Msicheke. Sisi watu wa pwani tunajua kwamba neno likitoka halirudi, na baya ukilitaja unaliita. Waliotunga kitabu kile hawakujua, au kwao maneno hayana masikio.

Jumamosi ya pili Hafsa akajaribu ifu za namna nyingine, zisizo na moto wala mvua. "Hizi ni za kuwazia tu, shangazi. Ningekuwa tajiri, ningejenga nyumba ya ghorofa."

"Kwani nani amekwambia mimi si tajiri?"

Hafsa akautazama ukuta wa udongo.

"Nina nyumba, nina kisima, meno yangu yote ninayo. Nianze kumhesabia Mungu alichoninyima? Atanikumbusha alichonipa kwa kukichukua. Mimi hiyo ifu siitaki, mpe mwenye shida nayo."

Zikabaki ifu za aina ya tatu, zile za mambo yaliyokwisha kupita. Hafsa alipolitaja neno lau, shangazi yake akanyoosha mkono kama askari wa barabarani. "Hilo ndilo halisemwi kabisa. Kwenye chuo cha Kurani tulifundishwa tukiwa wadogo: usiseme lau ningelifanya hivi, ingelikuwa vile. Lau humfungulia shetani mlango."

"Lakini baba hulisema kila mwaka kwenye hotuba."

"Baba yako ana mlango wa chuma na mlinzi getini. Mimi mlango wangu ni huu mmoja, na komeo lake ni bovu."

"Sentensi moja tu, shangazi. Anza hivi: lau ningelibaki shule. Kisha malizia."

Mwanatumu akatazama barabarani, ambako hakukuwa na kitu isipokuwa kuku. Akakusanya vikombe. "Chai imepoa," akasema. Chai ilikuwa bado inatoka mvuke. Mwenye kovu usidhani kapoa, na Hafsa alikuwa amelitia kidole bila ya kujua, kwani mambo ya darasa la tano hakuna aliyewahi kumsimulia. Baba yake kwenye hotuba hakufika huko.

Aina tatu za ifu, na zote tatu zimefungwa! Ya kwanza uchuro, ya pili kufuru, ya tatu shetani. Hafsa alirudi Bongwe na kichwa kinamuuma. Lakini nilisema hakati tamaa. Jumamosi iliyofuata alifungua kitabu kwenye picha ya Bwana Braun. Bwana Braun amevaa kofia, ana mkoba mkononi, ana mke, watoto na mbwa, na nyumba ya ghorofa yenye bomba la moshi juu ya paa.

"Shangazi, nyumba ya huyu ikishika moto, atafanya nini?"

"Huyu ni nani?"

"Ni mtu wa kitabuni tu. Hayupo."

"Hayupo kabisa? Hana mama atakayesikitika?"

"Hakuzaliwa, shangazi. Alichorwa."

Mwanatumu akafikiri. Kisha akafungua mdomo, na balaa ikamshukia Bwana Braun. Wallahi, mtu yule alikiona cha mtema kuni. Nyumba yake iliungua, paa likavuja, ngazi ikavunjika. Akipoteza ufunguo, atalala kwenye banda la mbwa. Asipolipa karo, watoto watarudishwa nyumbani. Lau angelifunga dirisha, mwizi asingeliingia. Aina zote tatu zikawa zinamiminika kwa Kiingereza cha kueleweka, na shetani, kama aliingia kwa mtu, basi aliingia kwa Bwana Braun, na huko nyumba ni kubwa. Ikafika siku Hafsa akamkuta shangazi yake juu ya msala, amenyanyua mikono, anamwombea. "Maskini ya Mungu," akasema akijipangusa uso, "mtu ameunguliwa hivyo, na bado anawapeleka watoto shule."

Siku ya mahojiano ikafika. Mbele walikaa watu watatu: Bwana Thoya, Bi Mbeyu aliyewawakilisha wazazi, na Swabir katikati. Swabir alisema, kwa haki, kwamba mwombaji ni dada yake, kwa hiyo yeye ataisoma tu ile karatasi yake ya swali la mwisho, na kura hatapiga. Kisha akatazama meza, kama mtu anayesubiri sindano.

Bwana Thoya akaanza kwa Kiingereza. Msichana akiugua bwenini, utafanya nini?

Unadhani Mwanatumu atawachuria wasichana wake? Wale watoto wa watu, walioachwa na mama zao mikononi mwake? Hata kwa kitanda na dirisha na mpera! Akakohoa, akajibu kwa Kiingereza: binti ya Bwana Braun akiugua, nitamshika kipaji cha uso, nitampa maji, nitamwita nesi, nitakaa naye mpaka apate nafuu, inshallah.

Bwana Thoya akapekua karatasi zake. "Samahani. Huyu binti ya Braun yuko kidato gani?"

"Hayupo," akasema Mwanatumu.

"Ameshatoroka?" Bi Mbeyu akashtuka, akaliandika jina.

Bwana Thoya akaendelea, sauti imepungua kidogo. Wawili wakipigana bwenini, utafanya nini? Watoto wa Bwana Braun wakipigana, akajibu Mwanatumu, nitawatenganisha, nitamsikiliza kila mmoja peke yake, na sitamwambia baba yao, kwa sababu ana mengi. Bweni likishika moto je? Bweni la Bwana Braun likishika moto, nitawatoa watoto kwanza, vitu baadaye, nitawahesabu nje, nitarudi kumtafuta anayekosekana. Bwana Thoya aliandika, huku ameanza kuiogopa familia hii. Bi Mbeyu akamnong'oneza aulizwe kama hao Braun wamelipa karo.

Ikabaki karatasi ya Swabir. Swali lenyewe alikuwa amelitunga siku nyingi, analipenda, kila mwombaji huulizwa hilo hilo, na alilisoma kama watu wanavyosoma vitu walivyovizoea, macho yanapita na akili iko kwengine. Lau ungelipata nafasi ya kuendelea na masomo, maisha yako yangelikuwaje?

Alipolimaliza ndipo alipolisikia.

Mwanatumu akaanza kwa Kiingereza, "Lau Bwana Braun..." Akasita. Bwana Braun alikuwa na mkoba. Bwana Braun alisoma, wala katika kitabu kizima hakuna picha ambamo anaonekana ameshika mwiko. Kwa mara ya kwanza mtu yule alikuwa hana la kumsaidia. Mwanatumu akamtazama mdogo wake, kitambi chake, miwani yake, kichwa kile alichokuwa akikiosha kwa maji ya ndoo, na hasira ikampanda, hasira ya zamani, haijapungua hata chembe.

"Lau ningelibaki shule," akasema kwa Kiingereza, wazi, neno kwa neno, "Swabir angelipika."

"Vizuri sana!" Bwana Thoya akasema, akatia alama ya vyema. Kabla ya ukuu alikuwa mwalimu wa Kiingereza, na mwalimu wa Kiingereza husikia sarufi kwanza, maana huja nyuma kwa miguu. Ilipofika, kalamu ilimsimama mkononi. Bi Mbeyu akashika mdomo kwa kanga yake, na mabega yakawa yanamtikisika. Swabir alivua miwani akaipangusa, akaipangusa tena, na safari hii hakukuwa na makofi.

Mwanatumu alirudi nyumbani kwa miguu na shetani yuko naye bega kwa bega, hakuna uongo, mlango ulikuwa wazi. Lau ningelibaki shule ningelikuwa nesi. Ningelikuwa mwalimu. Ningelikuwa nakaa upande ule wa meza. Ningelikuwa mtu anayeulizwa. Alikuwa mtoto mwepesi wa hesabu, na mwalimu wake alikuwa akimwachia apige kengele. Hayo alikuwa ameyafunika tangu zamani hizo na sasa yote yakafumka. Akaketi uani kwake chini, akalia kilio cha mtoto wa darasa la tano aliyevuliwa sare. Na kazi nayo, aliona, imekwenda na maji. Nani atampa chumba mtu aliyemvua nguo mwenyekiti mbele ya watu?

Baada ya alasiri gari likasimama nje. Swabir hakukaa barazani anakokaa siku zote kusubiri chai. Aliingia moja kwa moja hadi uani, akasimama mbele ya dada yake na viatu vyake vya kung'aa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nimekwisha kukuaibisha, umekuja kufanya nini?"

"Kazi umepata. Nilitoka nje wakapiga kura. Thoya anataka kujua tu kama hao Braun watarudi muhula ujao." "Dada..." Mtu aliyehutubia miaka yote hiyo, wee, leo hotuba yake iliishia kwenye neno hilo moja.

Akavua koti, akalitundika kwenye msumari. Akaingia jikoni.

Mwanatumu akasikia mlio wa sufuria ikianguka. Akasikia kiberiti, kimoja, cha pili, cha tatu. Moshi ukaanza kutoka mlangoni, na ndani ya moshi mwenyekiti wa bodi anakohoa.

"Dada! Unga wa uji uko wapi?"

Nyumba ni ile ile waliyokulia, na kopo la unga liko pale pale lilipowekwa na mama yao. Miguu ikataka kumwinua Mwanatumu, kwani miguu ina mazoea yake. Akaizuia.

"Utafute," akasema.

Alikaa hapo hapo uani, mikono mapajani, mtu mwengine akipika ndani ya nyumba yake. Ilimwia ajabu, ikamwia vizuri, na machozi yakamtoka tena, lakini haya ya sasa hayakuwa na shetani. Muda ukapita, na hata jua likahama. Swabir akatoka macho mekundu, masizi hadi kwenye kipara, kama baba yao alivyokuwa akirudi kutoka Ramisi. Amebeba kikombe kwa mikono miwili. Akampa dadake, akachuchumaa mbele yake kusubiri.

Mwanatumu akanywa. Uji ulikuwa na madonge juu na umeungua chini, na sukari hakuiona, au alitia chumvi badala yake. Akaumeza. Akapiga funda la pili, akamtazama mdogo wake, kisha akasema kwa Kiingereza, bila ya Bwana Braun:

"Lau ningelibaki shule, Swabir, tungelikufa njaa sote wawili."

Na kikombe akakimaliza.